Trekta la zamani linalomaliza betri usiku

Mvua za masika zikikaribia, mafundi wa rewaya (umeme wa magari) wa Unga Limited, Arusha, na wenzao wa Moshi mjini hupokea mteja wa aina ileile: mwenye trekta kuukuu, betri kaipakia kwenye pikapu, anasema haishiki chaji na anataka mpya. Mara nyingi betri hiyo haina kosa lolote. Atanunua mpya, trekta litawaka vizuri siku chache, kisha asubuhi moja stata itatoa ule mlio wa "tik" na kunyamaza. Hapo betri ya pili nayo itaambiwa ni feki.

Massey Ferguson 135, 165 au 240, au Ford 5000, ni matrekta yasiyo na kompyuta, saa ya umeme wala king'ora cha kiwandani. Swichi ikizimwa, umeme unaopaswa kutoka kwenye betri ni sifuri. Hili linarahisisha sana kazi. Kwenye gari la kisasa unabishana na miliampia 30 au 50 ambazo zina haki ya kuwepo. Kwenye matrekta haya, chochote mita ya kupimia volti na ampia itakachoonyesha injini ikiwa imezimwa lazima kipatiwe maelezo.

Betri iliyolala asubuhi inaweza kuwa imelazwa na mambo matatu: yenyewe haitunzi, chaji haiingii mchana, au kuna kitu kinavuta usiku. Kwa dereva yote matatu yanafanana, ndiyo maana watu wanabahatisha. Kuna jaribio lisilohitaji hata mita. Chaji betri kwa chaja hadi ijae, ifunge kwenye trekta, halafu jioni fungua waya wa arthi (unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi) na uuweke mbali na kichwa cha betri. Acha usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Asubuhi rudisha waya, piga stata. Ikizungusha kwa nguvu, betri ni nzima na mwizi yumo ndani ya trekta. Ikiwa imelala huku haijaunganishwa na chochote, betri yenyewe ndiyo mgonjwa. Na kama kila asubuhi inawasha vizuri kwa mtindo huo lakini inagoma saa nane mchana ukizima kwa ajili ya chakula shambani, chunguza kwanza altaneta au dainamo, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka.

Kwa nini waya wa arthi na si ule wa moto? Kwa sababu spana yako ikigusa bodi wakati unafungua upande wa moto, umepiga shoti ya betri nzima, na cheche karibu na betri iliyotoka kuchajiwa inaweza kulipua hewa ya haidrojeni inayotoka humo. Ukianza na arthi, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Wakati wa kufunga, arthi inarudi mwisho. Ila tazama kwanza arthi ya trekta lako ni ipi. Ferguson TE20 na MF 35 za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na arthi upande wa chanya. Nyingi zimeshabadilishwa na mafundi waliopita, nyingine hazijabadilishwa, na huwezi kujua kwa kuangalia jina la trekta. Fuata waya kwa macho: ule unaoenda kwenye bodi au gia boksi ndio arthi, hata kama umefungwa kwenye kichwa chenye alama ya kujumlisha. Anayeingiza betri kwa mazoea kwenye trekta lenye altaneta, akageuza pande, anaunguza daiodi zake (vipande vya ndani vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) papo hapo kabla hata hajagusa swichi.

Tuanze na betri. Usipime mara tu baada ya kuitoa kwenye chaja au kuzima injini, kwa sababu utasoma volti za juu juu zisizo za kweli. Washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime kwenye vichwa vyenyewe, si kwenye vibanio. Volti 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikifika 12.0 imebaki robo hivi, na kwenye 11.8 haina kitu. Ukikuta 10.5 baada ya kuchaji usiku kucha, usipoteze muda: chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba hutoa volti 2.1. Betri hiyo hakuna chaja itakayoifufua, hata akitokea mtu wa kukuuzia dawa ya kumwaga ndani.

Kama betri yako ni ya vifuniko, haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) inasema ukweli zaidi kuliko mita. Chumba kilichojaa kinasoma karibu 1.265 hadi 1.280, nusu ni 1.190 hivi. Namba moja peke yake haina uzito kama tofauti kati ya vyumba. Vyumba vitano vikisoma 1.250 na kimoja 1.180, hicho kimoja ndicho kinachoua wenzake.

Maji ya betri ndipo watu wanapoharibu zaidi. Madukani kuna chupa za aina mbili zinazofanana: moja ni asidi ya kujazia betri mpya kavu, nyingine ni maji yaliyosafishwa ya kuongezea. Betri iliyopungua imepoteza maji tu. Asidi haipandi hewani. Kwa hiyo unaongeza maji, hadi yafunike sahani za risasi zilizo ndani kwa kama milimita 10. Ukiongeza asidi, haidromita itasoma vizuri, utafurahi, na sahani zitaliwa ndani ya miezi michache. Maji ya bomba usiyatumie kabisa, hasa haya ya kwetu chini ya Mlima Meru yanayopaka hata meno rangi. Kinachoweza kuchafua jino kwa miaka hakina sababu ya kuingia kwenye betri.

Kabla ya kuondoka kwenye betri, itazame juu. Vumbi jekundu likichanganyika na unyevu wa asidi linakuwa njia ya umeme kutoka kichwa hadi kichwa. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa hasi, ncha nyekundu iburuze taratibu juu ya plastiki. Mita ikisoma volti moja, mbili au zaidi katikati ya betri ambako hakuna chuma, betri inajimaliza yenyewe kwa uchafu. Dawa yake inauzwa kila soko la Arusha: magadi. Vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu, kaza vifuniko vyote kwanza ili yasiingie hata tone ndani, mwagia juu na sugua kwa brashi. Patatoa povu. Likikoma, suuza kwa maji mengi na ukaushe. Vichwa na vibanio vipige msasa hadi ving'ae, funga, halafu ndipo upake grisi kwa nje. Anayepaka grisi kabla ya kufunga anaweka kizuizi mahali pale pale umeme unapotakiwa kupita.

Sasa mwizi. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge nyaya mbili. Zima kila kitu, fungua arthi, kisha weka balbu kati ya kichwa cha betri na ule waya wa arthi. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna kitu kikubwa kinavuta, ampia moja au zaidi. Ikiwa nyekundu hafifu, kinavutwa kidogo. Isipowaka kwa nguvu zote, hamia kwenye mita. Tunaanza na balbu kwa sababu yenyewe haiwezi kupitisha zaidi ya ampia mbili hivi, kwa hiyo hata pakiwa na shoti kamili hakuna kinachoungua, wakati mita za bei nafuu hupoteza fyuzi kwenye kosa la kwanza.

Kwenye mita, hamishia waya mwekundu kwenye tundu la 10A na geuza kitufe upande wa ampia za DC. Mita inakaa palepale balbu ilipokuwa, yaani umeme wote upite ndani yake. Usiiweke kwenye vichwa viwili vya betri ikiwa kwenye ampia, hiyo ni shoti. Na mtu yeyote asiguse stata wakati mita ipo kwenye njia. Stata ya dizeli inavuta mamia ya ampia. Mtoe dereva kwenye kiti kabisa, maana mkono wake unajua njia ya kwenda kwenye swichi bila kuulizwa.

Namba utakayosoma inakuonyesha pa kwenda. Miliampia 20 hadi 50: kuna kifaa kidogo kilichoongezwa, na siku hizi wa kwanza kushukiwa ni kifaa cha GPS ambacho wenye matrekta hufunga ili kujua dereva amelima shamba la nani. Karibu ampia 0.2: balbu ndogo ya dashibodi au umeme unaopita kwenye taa ya chaji. Ampia mbili hadi tatu: koili ya altaneta imebaki na moto. Zaidi ya hapo, au balbu ikiwaka kwa nguvu zote: katauti ya dainamo (swichi inayojifunga na kujiachia yenyewe) imeganda, taa imewaka mahali usipoona, au waya umechubuka ukagusa bodi.

Piga hesabu ili uone kama namba hiyo inaeleza ugonjwa. Miliampia 40 ni karibu ampia-saa moja kwa siku. Betri ya 100Ah itapoteza 30 hivi kwa mwezi, hivyo trekta linaloegeshwa baada ya kulima na kuguswa tena baada ya miezi miwili litakuta betri imeshuka chini ya nusu. Lakini kama trekta lako linalala ndani ya usiku mmoja, miliampia 40 si jibu. Usikate waya wa GPS ukashangilia, endelea kutafuta.

Ukishaona inavuta, tenganisha kitu kimoja kimoja huku ukitazama mita au balbu. Kwenye gari ungechomoa fyuzi. MF za zamani zina fyuzi chache mno, nyingine zilishaondolewa na kuwekwa waya mtupu, kwa hiyo unachomoa nyaya zenyewe. Anza na vilivyoongezwa na binadamu: redio, taa za kulimia usiku, chaja ya simu, honi, kifaa cha GPS. Kiwanda kilipitisha vifaa vyake vingi kwenye swichi. Aliyeongeza alichukua moto moja kwa moja kutoka kwenye stata kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Kisha altaneta, kisha nyuma ya swichi kuu, mwisho selenoidi ya stata. Mahali mita inaporuka kwenda sifuri, umefika. Piga picha ya simu kabla ya kuchomoa kila waya, kwa sababu rangi kwenye matrekta haya hazifuati tena mchoro wowote.

Altaneta inastahili muda wako. Dalili yake ya kwanza haihitaji chombo: shika mgongo wake asubuhi kabla ya kuwasha. Kila kitu kina baridi, yenyewe ina uvuguvugu? Mara nyingi daiodi zinavujisha. Dalili ya pili ni taa ya chaji inayobaki na mwanga hafifu swichi ikiwa imezimwa, ambayo mchana huioni. Ikinge kwa kiganja. Fungua arthi ya betri, chomoa ule waya mnene wa altaneta, uzungushie tepu usiguse bodi, rudisha mita. Ikiwa sifuri, peleka altaneta ibadilishwe seti ya daiodi. Kwa altaneta za Lucas za aina ya ACR seti hiyo ni kipande kimoja, na altaneta hainunuliwi nzima kwa kosa hilo.

Kosa jingine la altaneta linatokana na ufungaji, na tunalikuta sana kwenye matrekta yaliyoondolewa dainamo na kuwekewa altaneta. Waya mdogo unaoiamsha altaneta unatakiwa upite kwenye swichi na kwenye balbu ya chaji ya wati 2.2. Fundi mwenye haraka anauunga moja kwa moja kwenye moto wa kudumu. Altaneta inachaji vizuri sana, hakuna anayelalamika, lakini injini ikizimwa koili inaendelea kula ampia mbili hadi tatu usiku kucha. Kwa saa 12 hiyo ni hadi ampia-saa 36. Kuthibitisha ni rahisi: swichi ikiwa imezimwa, sogeza ncha ya bisibisi kwenye pule au nyuma ya altaneta penye beringi. Ikivutwa na kunata kama kwenye sumaku, koili ina moto. Hamishia waya huo kwenye swichi na urudishe balbu. Balbu hiyo usiidharau: ikiungua, altaneta nyingi za aina hii haziamki kabisa na hutajua, maana taa isiyowaka inaonekana kama habari njema.

Wenye dainamo wana tatizo lao, katauti. Ndani ya kile kiboksi cheusi chenye alama za D na F kuna pointi zinazojifunga dainamo inapozidi betri, na kujiachia injini inapozimwa. Pointi zikiungua zinanata, zinabaki zimefungwa, na betri inaanza kuisukuma dainamo kana kwamba dainamo ni mota. Haiwezi kuzunguka kwa sababu belti imeishika, kwa hiyo inapata moto na betri inakwisha upesi, wakati mwingine nyaya zinafuka moshi. Ukiona hivyo fungua arthi kwanza, mengine baadaye. Pointi husafishwa kwa msasa laini sana, kisha unapitisha kipande cha karatasi safi kati yake kuondoa unga. Springi usiikunje, imepangwa kufunga kati ya volti 12.7 na 13.3 hivi, na mkono hauwezi kukisia hilo.

Nyaya zenyewe zikague pale zinapopita kwenye kingo za chuma nyuma ya dashibodi, ambako mpira wa tundu ulishaoza, na chini ya boneti pale panya walipokaa trekta likiwa kwenye banda la mahindi. Kuna mivujo inayokuja na unyevu tu. Trekta linalolala nje Sanya Juu au Ngare Nairobi linalowa umande hadi asubuhi. Ukilipima saa saba mchana limeshakauka na mita inasoma sifuri. Pima alfajiri, au lowesha nyaya kwa kitambaa chenye maji na uzitikise ukiangalia balbu.

Kama hakuna kinachovuta na betri ni nzima, rudi kwenye chaji. Injini kwenye mizunguko 1,500 hivi, volti kwenye betri ziwe 13.8 hadi 14.4. Zikibaki 12.5, angalia belti (ikibonyezwa katikati iingie sentimita moja na nusu hivi), kaboni, kisha rejileta (kidhibiti volti). Zikipita 15, inachemsha betri, ndiyo maana maji yanaisha kila wiki. Halafu jumlisha mizigo. Taa nne za wati 55 za kulimia usiku ni ampia 18. Altaneta ya Lucas 15ACR inatoa 28, kwa hiyo inatosha. Dainamo ya C40A inatoa 11. Hapo hakuna mwizi wa kutafuta. Unalima usiku kwa umeme wa betri, na asubuhi inakudai.

Stata nzito nayo huwa inasingizia betri. Wakati mtu anapiga stata, weka mita kati ya kichwa cha betri chenye arthi na chuma cha stata. Ikizidi volti 0.2 au 0.3, waya wa arthi au kibanio chake kina kutu au kimekaa juu ya rangi. Kwangua hadi chuma cheupe. Baridi ya Juni na Julai nayo inaongeza ugumu, zaidi kwa wanaoendelea kutumia oili ya namba 40 tupu badala ya 15W-40.

Jambo jingine la karakana: kuchomelea plau ikiwa imefungwa kwenye trekta. Umeme wa welding unatafuta njia yake, na daiodi ziko njiani. Fungua arthi ya betri na uchomoe altaneta, na bana waya wa arthi wa welding karibu kabisa na pale unapochomelea. Vivyo hivyo usifungue betri injini ikiwa inaunguruma ili "kujaribu kama altaneta inachaji". Jaribio hilo ni la enzi za dainamo. Kwa altaneta linaua kile unachokipima.

Ukimaliza, rudisha vyote, mita isome sifuri, liache trekta usiku mbili na upime tena volti. Kwa trekta linalokaa wiki nyingi bila kazi, funga masta swichi kwenye waya wa arthi, ile ya ufunguo mwekundu unaochomoka, na ichague ya kubeba ampia za stata, si ya taa. Itazimwa tu injini ikiwa imeshazimika. Anayetaka GPS ibaki hai aichukulie arthi yake upande wa betri kwa waya wenye fyuzi ya ampia 1 au 2, na juu ya banda aweke paneli ya jua ya wati 10 yenye kidhibiti chaji chake. Kwa jua la muda wa saa tano paneli hiyo huleta karibu ampia-saa tatu kwa siku, kifaa kinakula moja, na zinazobaki zinaiweka betri kwenye 12.6 hadi siku ya kulima. Ila paneli ifutwe vumbi kila baada ya wiki mbili, hasa kiangazi.